Kuchaji simu ukiwa ugenini: Soma kwanza maandishi madogo kwenye chaja

Mfanyabiashara wa Kariakoo akitua Guangzhou kufuata mzigo, simu ndiyo ofisi yake. Humo mna ramani, programu ya kutafsiri, picha za bidhaa na namba za wateja wanaosubiri nyumbani. Simu ikizima, safari imesimama. Akiingia tu hotelini anatafuta soketi, na hapo ndipo wasiwasi unapoanza: umeme wa huku si utaiunguza?

Kwa simu nyingi za sasa, jibu ni hapana. Volti zenyewe mara nyingi si tatizo. Balaa huletwa na chaja feki, plagi isiyokaa vizuri, na vifaa vingine vinavyochomekwa bila kusoma maandishi yake.

Kila nchi na umeme wake

Tanzania inatumia volti 230 majumbani, Kenya na Uganda 240. Kwingineko mambo yako hivi:

- Falme za Kiarabu na Oman: volti 220 hadi 240. Soketi ni za pini tatu bapa, zile zile za Dar es Salaam na Nairobi.
- China: 220. Pini mbili bapa, au tatu zilizokaa mshazari.
- India: 230. Pini za duara, mbili au tatu.
- Ujerumani na Ufaransa: 230. Pini mbili za duara.
- Marekani na Canada: 120. Pini mbili bapa, mara nyingine na ya tatu ya duara.
- Japan: 100. Pini mbili bapa.

Kwa hiyo anayekwenda Dubai au Muscat na chaja yake ya pini tatu hahitaji kununua chochote. Anayekwenda Guangzhou, Berlin au New York anahitaji adapta.

Maandishi ya kuangalia

Geuza kichwa cha chaja, tafuta mstari unaoanza na INPUT. Ukikuta "100-240V~ 50/60Hz", chaja hiyo inafanya kazi karibu kila nchi duniani. Hakuna cha kubadilisha zaidi ya umbo la plagi.

Sababu iko ndani ya kichwa hicho. Chaja hupokea umeme wa ukutani, huugeuza kuwa umeme wa upande mmoja, huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Kinachotoka ni volti 5, au 9 na zaidi kwa simu zinazochaji haraka. Wakati wote saketi ya ndani inapima kinachotoka na kurekebisha. Simu yenyewe haikutani kabisa na volti 230 za ukutani.

Ndiyo maana hata Japan haisumbui. Umeme wa Tokyo ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, wa Osaka ni 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua majenereta ya Ujerumani na Osaka ikanunua ya Marekani. Chaja ya "50/60Hz" inapokea yote mawili.

Tofauti pekee inayoweza kuonekana ni kasi. Baadhi ya chaja zenye wati nyingi hutoa nguvu kidogo zaidi kwenye umeme wa volti 100 au 120. Simu ikichelewa kujaa Marekani, si lazima iwe imeharibika.

Adapta haipunguzi umeme

Hapa ndipo wengi huunguza vitu. Adapta ya safari inabadilisha umbo la pini tu. Volti zinazoingia ndizo zinazotoka.

Mfano: ndugu anarudi kutoka Marekani na draya ya nywele iliyoandikwa "120V" peke yake. Akiichomeka kwenye soketi ya Dar kwa adapta, inapokea karibu mara mbili ya volti ilizotengenezewa, na kwa kifaa cha joto nguvu yake inapanda karibu mara nne. Itaungua ndani ya muda mfupi, na inaweza kuwasha moto. Kifaa kama hicho kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zinazozidi za kifaa chenyewe.

Ekstensheni nazo zisomwe. Iliyotengenezwa kwa volti 125 haifai kwenye umeme wa 230, hata kama pini zinaingia.

Ule mchezo wa kalamu

Afrika Mashariki wengi wanaujua: plagi ya pini mbili haiingii kwenye soketi ya pini tatu, basi mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la juu, vizibo vya chini vinafunguka, plagi inaingia. Simu inachaji, maisha yanaendelea.

Tatizo ni kwamba soketi hiyo haikutengenezwa kwa pini hizo. Plagi inakaa kwa kulegea, inapiga cheche na kupata joto. Tena plagi halisi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake. Ukiruka plagi hiyo, umeruka na ulinzi wake. Vile vizibo navyo viliwekwa ili mtoto asiingize kitu kwenye umeme. Adapta yenye fyuzi ni salama zaidi.

Chaja ya bei ya kutupa

Chaja ikisahaulika nyumbani, kishawishi ni kununua ya bei poa mtaani. Kwenye chaja feki, sehemu ya umeme mkubwa na ile ya volti 5 zinaweza kuwa zimekaribiana mno. Ikiharibika, umeme wa ukutani unaweza kupita hadi kwenye waya na simu iliyo mkononi. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, maandishi yamekosewa herufi au pini zinacheza, iache. Waya wa USB wa nyumbani kwenye kichwa cha chaja cha duka la kuaminika unatosha.

Pawa benki ndani ya ndege

Pawa benki haiwekwi kwenye begi la kupakiwa, inabebwa mkononi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74. Tangu 28 Juni 2025, China hairuhusu pawa benki isiyo na alama ya 3C kwenye ndege za safari za ndani. Anayeunganisha ndege huko aangalie alama hiyo kabla ya kufika uwanjani.

Kabla ya kulala

- Usiache simu ikichaji chini ya mto au juu ya godoro. Joto linakosa pa kutokea.
- Plagi ikilegea, hamia soketi nyingine.
- Chaja kuwa vuguvugu ni kawaida. Ikishindwa kushikika kwa joto, ikinuka kama plastiki inayoungua au ikitoa mlio wa kutatarika, zima swichi ya soketi kwanza ndipo uichomoe. Kama soketi haina swichi, shika plagi kwa mkono mkavu, usivute waya. Ikianza kutoa moshi au moto, usiiguse. Toka nje na uwaite wahudumu wa hoteli.