Kompyuta ya Nesi, Sehemu ya 3: Swali Lililofutwa

Mliniuliza kwa nini siku hizi kliniki tunaandika uzito wa mtoto kwenye kompyuta, halafu tunawasomea tena kwa sauti. Leo nawajibu kwa historia.

Turudi mwaka 1985. Kampuni ya Kanada, AECL, ilikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25. Mashine zake za awali zilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma: ukikosea, mashine inagoma yenyewe. Kwenye hii mpya vizuizi hivyo viliondolewa, ulinzi ukaachiwa programu ya kompyuta. Na sehemu ya programu hiyo ilichukuliwa kwenye mashine za zamani.

Waendeshaji nao walilalamika kuwa kujaza taarifa kunachosha. Wakarahisishiwa: badala ya kuandika kila kipimo upya, unabonyeza kitufe cha kukubali, unasonga mbele. Jamani, nani hapendi kazi nyepesi?

Machi 1986, mji wa Tyler, Texas, mwendeshaji mzoefu alikosea herufi moja. Akaiona, akarudi juu, akairekebisha upesi, akabonyeza kukubali mpaka chini. Kioo kikaonyesha kila kitu kiko sawa. Kumbe ndani programu haikupokea marekebisho yote, kwa sababu aliyafanya ndani ya sekunde 8, mashine ikiwa bado inajipanga. Mgonjwa akapigwa na mionzi mingi mno. Kioo kikaandika tu "hitilafu namba 54". Yaani hakuna neno la kumwambia mtu kuna hatari.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada walizidishiwa mionzi na mashine hizo. Baadhi yao walikufa.

Nani aligundua siri ya ile 54? Fritz Hager, mtaalamu wa fizikia wa hospitali ya Tyler, alikaa na mwendeshaji yuleyule wakarudia kuandika, tena na tena, mpaka hitilafu ikajitokeza mbele yao. Aliyeshika kitufe kila siku ndiye aliyejua mkono wake ulivyokwenda.

Sasa njoo kliniki kwetu. Tulikuwa na programu ya zamani, madirisha ya kijivu, maandishi madogo kama sisimizi. Kijana wetu wa kompyuta akaitengenezea sura mpya akisaidiwa na akili mnemba, hii AI mnayoisikia kila siku. Siku chache tu, kazi imekwisha. Ilipendeza kweli.

Kabla hatujaanza kuitumia, nikaomba niijaribu. Nikaandika uzito wa mtoto wa miezi 2: kilo 42, badala ya 4.2. Ikakubali. Ile ya zamani ingeniuliza, "Una uhakika?"

Kijana hakuwa na nia mbaya. Aliiambia AI iondoe maswali yanayochelewesha watu, nayo ikatii. Haikujua swali lile liliwekwa kwa ajili ya nini, na hata yeye hakujua. Lakini dawa nyingi za mtoto hupimwa kwa uzito wake. Nukta moja ikipotea, dozi inakuwa mara 10. Tukalirudisha swali kabla mtoto yeyote hajaandikwa humo.

Sikatai mambo mapya, macho yangu yameishukuru sura ile. Ninachosema ni kwamba anayeibadilisha akae kwanza na anayeitumia, amuulize kila kero ipo kwa nini.

Na wewe mama, unapopewa dawa ya mtoto, uliza: "Nesi, umeandika kilo ngapi?" Linganisha na kadi yake. Usione haya, hutusumbui. Programu ikikosa kuuliza, uliza wewe.