Manowari na gudi: meli za vita kutoka Kilindini hadi Ziwa Turkana

Manowari ni neno ambalo Waswahili wa pwani walilipokea kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza. Manowari iliyozoeleka kuliko zote machoni pa watu wa Unguja katika karne ya 19 haikwenda popote. HMS London, meli kuukuu ya mbao, ilitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar mwaka 1874 na kubaki hapo hadi 1883. Kazi ya kufukuza majahazi yaliyobeba watumwa ilifanywa na mashua zake ndogo, zilizotawanyika kuanzia Pemba hadi midomo ya mito ya bara. Meli yenyewe ilikuwa ghala, karakana, hospitali na kambi. Bila yake mashua zile zisingedumu msimu mmoja.

Mpango huo unaeleza jambo linalojitokeza kila mara katika historia ya meli za vita Afrika Mashariki. Mizinga huonekana na watu huihesabu, lakini nguvu ya manowari hutoka nchi kavu: gati la kufungia kamba, gudi ambamo meli hutolewa majini ili itengenezwe, mafuta, vipuri na mafundi. Agosti 27, 1896, meli za Uingereza zilipiga kasri la Zanzibar kwa dakika 40 hivi na kuizamisha Glasgow, meli ya Sultani. Vita hivyo husimuliwa sana kwa sababu ya ufupi wake. Mkasa wa mwaka 1914, ambao haukuwa mfupi, una mengi zaidi ya kufundisha.

Septemba 20 mwaka huo, meli ya Kijerumani Königsberg iliingia Zanzibar alfajiri na kuikuta HMS Pegasus imetia nanga, mitambo yake ikiwa katika matengenezo. Meli isiyoweza kuwasha injini ni shabaha tu. Pegasus ilizama, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Punde mshindi naye akapatwa na maradhi yale yale: mtambo wa Königsberg uliharibika. Nahodha Max Looff alikuwa na makaa machache, na hakuwa na gudi hata moja ya kukimbilia katika bahari iliyojaa meli za adui, hivyo akaificha meli yake katika delta ya Rufiji, kati ya mikoko. Vipande vya mtambo vilivutwa na watu kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa, lakini kufikia hapo Waingereza walikwisha kuufunga mdomo wa mto. Julai 11, 1915, meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliimaliza Königsberg huku ndege ikizielekeza mahali risasi zilipoangukia. Mizinga yake 10 iling'olewa, ikatiwa magurudumu, na kupigana nchi kavu kwa muda mrefu baadaye. Mmojawapo umewekwa Fort Jesus mjini Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Bara nako kulikuwa na vita vya majini. Stima za reli katika Ziwa Victoria zilifungwa mizinga, na Ziwa Tanganyika lilitawaliwa na Wajerumani kwa stima zao. Ili kuvunja utawala huo, Waingereza walisafirisha boti mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikapakuliwa Cape Town, zikapanda treni hadi Kongo, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Desemba 26 ziliiteka stima ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Mimi, pamoja na Kingani iliyotekwa, ikaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote ziwani, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ushindi wa Tanganyika ulipatikana barabarani kabla haujafika majini.

Mombasa ina kile ambacho Rufiji haikuwa nacho. Kilindini, kama jina linavyosema, ni mahali penye kina, na mkondo wake umezungukwa na nchi kavu pande zote isipokuwa mlango wa bahari. Ndiyo sababu mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, sehemu kubwa ya Kikosi cha Mashariki cha Uingereza ilihamia hapo. Pamoja na meli walikuja watu wa kufumbua siri za mawasiliano ya Wajapani, nao wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Miaka ya 1950 Uingereza iliunda kikosi kidogo cha wanamaji wa Afrika Mashariki chenye makao Mombasa. Kilivunjwa mwaka 1962.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa Desemba 12, 1964, makao yake yakiwa Mtongwe, ng'ambo ya maji upande wa Likoni. Meli zake za kwanza zilizojengwa kwa ajili yake, KNS Simba, Chui na Ndovu, zilitoka Uingereza kuanzia 1966. Zilikuwa boti za doria za mita 31, mizinga yake midogo. Katika miaka ya 1970 zikaja Mamba, Madaraka, Jamhuri na Harambee, na meli hizo nne baadaye zikatiwa makombora ya Gabriel kutoka Israeli. Maofisa wa jeshi hilo hubeba vyeo vya nchi kavu, meja, kanali na meja jenerali. Mmoja wao, Joseph Kibwana, alikuwa mwanamaji wa kwanza kuongoza majeshi yote ya Kenya, kuanzia mwaka 2000.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuwa KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizojengwa Uingereza na kufika mwishoni mwa miaka ya 1980. Zina urefu wa karibu mita 57. Kila moja ilibeba makombora manne ya Otomat ya kupiga meli ng'ambo ya upeo wa macho, na omoni mzinga wa milimita 76 unaojipakia wenyewe na kuongozwa na rada. Injini nne za dizeli zilizisukuma hadi maili 40 za baharini kwa saa. Lakini kasi hiyo ina gharama. Injini nyepesi zenye nguvu nyingi hunywa mafuta kwa pupa na hudai vipuri mara kwa mara, na umbo jembamba la meli hupigwa vibaya na mawimbi ya kusi. Meli ya namna hii hutoka, hupiga na kurudi. Haikuumbwa kukaa wiki tatu baharini ikichunga wavuvi haramu.

Kwa hiyo mahitaji yalipobadilika, umbo la meli nalo likabadilika. Galana na Tana za mwaka 1994 zilinunuliwa Hispania kwa ajili ya kubeba shehena na kuishusha ufuoni. Shujaa na Shupavu za 1997 ni za doria. KNS Jasiri, ya Hispania pia, ina urefu wa mita 85, na haina haraka ya Nyayo, bali uwezo wa kukaa mbali na bandari. Ujenzi wake ulikwisha miaka mingi kabla Wakenya hawajaiona, kwa sababu mkataba wake uliingia katika mzozo mkubwa wa fedha za umma. Ilifika Mombasa mwaka 2012. Meli inayokaa gatini ugenini miaka yote hiyo huzeeka bila kulinda chochote, na hasara hiyo haionekani katika bei iliyoandikwa kwenye mkataba.

Miaka hiyo ndiyo bahari ilipohitaji ulinzi kuliko wakati wowote. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka MV Faina iliyokuwa ikileta vifaru 33 Mombasa, wakaiachilia Februari 2009. Meli za Umoja wa Ulaya na za mataifa mengine zilizagaa kutoka Aden hadi Shelisheli, na Kenya ikakubali kuwashtaki washukiwa waliokamatwa, baadhi ya kesi zikisikilizwa katika mahakama ya Shimo la Tewa, Mombasa. Kazi ya manowari katika doria za namna hii ni ya kuchosha: kutazama rada usiku kucha, kulisimamisha jahazi, kushusha boti ya mpira, kupekua matenga ya samaki, kisha kuliacha liende. Usiku wa kuamkia Septemba 28, 2012, wanamaji wa Kenya walifanya kazi ya aina nyingine. Waliwashusha askari ufuoni karibu na Kismayu ili mji ushambuliwe kutoka upande ambao Al-Shabaab haikuutazamia.

Katika majeshi ya majini kuna hesabu ya zamani: ili meli moja iwe doriani siku zote, zinahitajika tatu, moja baharini, moja ikijiandaa, moja gudini. Nchi isiyo na gudi yake hutuma meli ng'ambo na kungoja. Nyayo na Umoja zilikwenda Italia kutengenezwa upya. Kwa sababu hiyo kuundwa kwa kampuni ya Kenya Shipyards mwaka 2020, chini ya jeshi, kulikuwa na uzito mkubwa kuliko ununuzi wa meli yoyote. Ina yadi Mtongwe na Kisumu, na huko Kisumu wanamaji walikwisha kushiriki kuifufua MV Uhuru, meli ya mabehewa ya miaka ya 1960 iliyokuwa imesimama muda mrefu.

Ziwa Turkana halina yadi wala gudi, ingawa mgeni aliyeliingiza katika ramani za Ulaya alikuwa mwanamaji. Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria na Hungaria, alifika hapo na Samuel Teleki Machi 1888, nao wakaliita Rudolf, jina lililodumu hadi 1975. Ni ziwa la urefu wa zaidi ya kilomita 250, lenye ncha ya kaskazini ndani ya Ethiopia, na upepo wa kusini-mashariki unaoweza kulichafua kwa muda mfupi sana. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena.

Eliye Springs, ufuo wa magharibi wenye chemchemi na mikoma, iko kilomita 60 hivi kutoka Lodwar kwa njia ya mchanga. Hapo chombo hukokotwa mchangani kwa mikono. Tatizo la kujenga gati si fedha peke yake. Ziwa hili halina mto wa kutoka, na kina chake hufuata maji ya Mto Omo. Miaka ya 1980 lilishuka hadi ghuba ya Ferguson karibu na Kalokol ikakauka, na kiwanda cha samaki kilichojengwa huko kwa msaada wa Norway kikabaki mbali na maji. Katika miaka ya karibuni limepanda na kumeza fuo. Gati la zege lingekaa juu ya vumbi kizazi kimoja na chini ya maji kizazi kinachofuata. Gati la kuelea, lifungwalo kwa minyororo na kusogezwa, lingefaa zaidi. Chombo cha chuma cha kulinda ufuo huu wa magharibi nacho hakina njia ya maji ya kufikia hapa. Hupanda lori, kupitia Kitale na Lodwar, kama Mimi na Toutou zilivyopanda treni.

Sheria ya mwaka 2018 iliunda Huduma ya Walinzi wa Pwani, ambayo meli yake ya kwanza kubwa, MV Doria, ilizinduliwa Mombasa Novemba mwaka huo. Mamlaka yake hayakomi baharini, yanafika katika maziwa. Turkana inayahitaji. Wavuvi wa Kiturkana na wa Kidasenechi wa Ethiopia wamegombania nyavu na maeneo ya samaki kwa miaka mingi, na Februari 2025 iliripotiwa kwamba zaidi ya wavuvi 20 hawakujulikana walipo baada ya shambulio upande wa Todonyang, karibu na mpaka wa Ethiopia. Hizi si kazi za makombora. Zinatakiwa boti za wastani zenye sitaha ya kuhimili mawimbi, redio, taa ya kumulikia, mafuta ya akiba na fundi aliye karibu. Kutoka Eliye hadi Todonyang ni zaidi ya kilomita 120 za maji. Boti inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa huhitaji zaidi ya saa tatu kufika huko, ikiwa upepo umeiruhusu kuondoka.