Chapa Mia: Nauli Iliyogeuka Jina la Gari

Anayetoka Mtwara akavuka mto Ruvuma hadi Palma hubadilisha mengi kabla jua halijatua. Shilingi inakuwa metikali, karatasi za uhamiaji zinageuka Kireno, na daladala inaitwa chapa. Gari lenyewe ni lile lile: Hiace iliyomaliza ujana wake Japani, usukani kulia, viti vimesogezwa ili abiria wanne wabanane palipokusudiwa watatu, na mlangoni kijana mwenye noti zilizokunjwa katikati ya vidole. Jina tu ndilo geni, nalo limetoka mbali. Limetoka Maputo, mji mkuu ulio zaidi ya kilomita 2,500 kusini, umbali unaozidi mara tatu ule wa kwenda Dar es Salaam.

Kwa sikio la Mswahili, chapa ni alama iliyogongwa: chapa ya ng'ombe, chapa ya kiwanda. Kwa mkazi wa Maputo wa miaka ya 1980 lilikuwa neno la bei. Magari yale yaliitwa "chapa cem", yaani chapa mia, kwa sababu nauli yake ilikuwa metikali 100, uende karibu uende mbali. Miaka ilivyopita mia ikadondoka na chapa ikabaki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa majirani pia. Daladala ilipata jina kutokana na dala, sarafu ya shilingi tano ambayo abiria wa Dar es Salaam alimkabidhi konda. Matatu ya Nairobi inakumbusha senti 30, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Miji mitatu, sarafu tatu, na katika kila mmoja watu waliliita gari kwa kile lilichowatoa mfukoni. Tangu hapo siasa ya usafiri katika miji hiyo mikuu imekuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi juu ya nauli.

Maputo ilianza na reli za barabarani. Mwaka 1898 Wareno walihamisha makao makuu ya koloni kutoka Kisiwa cha Msumbiji kwenda Lourenço Marques, mji wa bandari uliokuwa ukinenepa kwa mizigo ya migodi ya Transvaal. Tramu za umeme zilianza kutembea huko mwaka 1904, zikiendeshwa na kampuni ya Delagoa Bay Development Corporation, iliyouza pia maji na umeme mjini. Zilidumu hadi 1936, mabasi yakachukua nafasi yake.

Mji ule ulikuwa miwili. Palikuwa na mji wa saruji, wenye lami, taa na vituo vya basi, na pembeni yake "caniço", mji wa matete, ambako waliishi Waafrika waliopakua meli na kupika majikoni mwa mji wa saruji. Usafiri ulipangwa kwa ajili ya mji wa kwanza, na wa mji wa pili walitembea kwa miguu kwenye mchanga kabla ya alfajiri. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, na mji kupewa jina la Maputo mwaka uliofuata, serikali ya FRELIMO iliurithi mpasuko huo. Mabasi ya umma, yaliyokuja kujulikana kwa herufi TPM, yalitakiwa kuwafikia watu ambao hayakuwahi kupangiwa kuwahudumia.

Hayakuweza. Vita na waasi wa RENAMO vilikula fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, na basi lililoharibika liligeuka ghala la vipuri vya basi lingine. Wakati huo huo mji ulijaa watu waliokimbia vijiji vilivyochomwa. Mwenye pikapu au lori dogo aliona watu wamesimama kandokando ya barabara tangu asubuhi, akawabeba. Biashara iliyoanza kwa kujificha ilikubaliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati nchi ilipokuwa ikielekea kwenye mpango wa kurekebisha uchumi wa 1987. Hapo ndipo chapa mia ilipozaliwa.

Dar es Salaam ilikuwa imekwishapita njia hiyo. Kampuni ya DMT, iliyoanzishwa na Waingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilitaifishwa, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikapewa mabasi ya mjini na KAMATA ikapewa ya mikoani. Mafuta yalipopanda na magari kuchakaa, watu binafsi walijaza pengo kinyume cha sheria, polisi wakiwafukuza, hadi serikali iliporuhusu magari yao mwaka 1983. Kenya ilitangulia zaidi, pale Rais Jomo Kenyatta alipotangaza mwaka 1973 kwamba matatu zibebe abiria bila leseni maalumu. Nairobi ilifuata ubepari, Dar es Salaam ujamaa, Maputo mafundisho ya Marx na Lenin. Abiria wa miji yote mitatu waliishia kwenye benchi moja, magoti yakigusana.

Mwaka 1998 Msumbiji ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa manispaa, uliosusiwa na RENAMO, ambayo sasa ilikuwa chama cha upinzani. Maputo ikapata meya wa kuchaguliwa, Artur Canana wa FRELIMO, akifuatiwa na Eneas Comiche na kisha David Simango. Kwenye karatasi, manispaa ndiyo yenye njia, vituo na leseni za chapa. Lakini bei ya dizeli hupangwa na serikali kuu, na magari ni ya watu binafsi waliojikusanya katika vyama na katika shirikisho lao la kitaifa, FEMATRO. Kwa hiyo kila nauli ilipotaka kupanda, wenye meza walikuwa watatu, na abiria hakuwa miongoni mwao.

Wenye chapa walikuwa na njia yao ya kujiongezea bila kuuliza mtu. Gari lililoandikwa kwenda mwisho wa njia liligeuza katikati, konda akawashusha wote na kuanza safari mpya. Abiria wa Zimpeto au Magoanine alijikuta akilipa mara mbili, pengine mara tatu, kabla ya kufika Baixa, katikati ya mji. Watu wa Maputo huuita mtindo huo kufupisha njia, na hawajawahi kuacha kuulalamikia. Katika hesabu za serikali nauli ilikuwa moja, ilhali mama anayeuza mboga Xipamanine alilipa nyingine kabisa.

Tarehe 1 Julai 2006 serikali ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake. Metikali ilikuwa imeanza kutumika mwaka 1980 badala ya eskudo, ikipewa jina linalotokana na mithkali, kipimo cha dhahabu ambacho wafanyabiashara wa pwani yetu walikijua tangu enzi za Sofala. Sasa metikali 1,000 za zamani zikawa moja mpya, na ile mia iliyotoa jina la gari ikageuka senti kumi, pesa isiyonunua hata peremende. Mwanzoni mwa 2008 nauli ya kawaida ya Maputo ilikuwa metikali 5 mpya, mara 50 ya mia ile ya kwanza.

Kisha ikatangazwa kwamba nauli itakuwa metikali 7.50. Serikali na FEMATRO walikuwa wamekubaliana, dizeli ikiwa imepanda na wenye magari wakisema hawawezi kuendelea. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Februari 2008, vijana wa vitongoji walifunga barabara za kuingia mjini kwa mawe na matairi yanayowaka. Chapa zilizothubutu kutembea zilipigwa mawe, maduka yakafungwa, shule zikarudisha watoto. Polisi walifyatua risasi, na watu wakafa. Ulikuwa mji ule ule wa matete, ila safari hii haukutembea kwa miguu kwenda kazini. Ulikaa barabarani na kuusimamisha mji wa saruji.

Kabla siku haijaisha serikali ilirudi nyuma. Nauli ikabaki ya zamani, na wenye chapa wakaahidiwa ruzuku ya dizeli ili wafidiwe. Abiria wa Maputo walijifunza siku hiyo kwamba meza ile ya watu watatu ilikuwa na kiti cha nne, kilicho nje, barabarani.

Somo hilo halikusahaulika. Tarehe 1 Septemba 2010, baada ya mkate, maji na umeme kutangazwa kupanda, wito ulipita kwa ujumbe mfupi wa simu, kutoka mkononi hadi mkononi, na Maputo pamoja na mji jirani wa Matola zikafungwa tena. Zaidi ya watu 10 waliuawa. Ndani ya wiki moja serikali ilifuta ongezeko la bei ya mkate. Nauli ilipopanda Novemba 2012, polisi walijazwa barabarani mapema.

Yaliyobaki nyuma ya ghasia hizo yalikuwa ya kila siku, na magumu. Wenye leseni walisema ruzuku haitoshi au inachelewa, wakaacha magari yafe barabarani. Mabasi ya manispaa yalinunuliwa kwa sherehe na kuharibika kimyakimya. Pengo likajazwa na malori ya wazi yanayobeba watu wima kama mizigo. Maputo ikayaita "my love", kwa kuwa ndani yake hakuna cha kushika isipokuwa mtu mwenzako. Wanafunzi, wauguzi na walinzi wa usiku wamesafiri hivyo mvuani, katika mji mkuu wa nchi inayouza makaa ya mawe na gesi.

Tanzania ilijaribu jibu lingine. Tarehe 10 Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kupita kwenye njia zao maalumu kati ya Kimara na Kivukoni, katika awamu ya kwanza yenye urefu wa karibu kilomita 21. Nauli ya njia kuu ilianza kwa shilingi 650, mara 130 ya dala. Daladala ziliondolewa kwenye njia hiyo, lakini katika sehemu nyingine za jiji bado ndizo zinazowapeleka watu kazini.

Maputo nayo imekuwa ikisubiri njia zake maalumu za mabasi, huku siasa za manispaa zikizidi kupamba moto. Julai 2022, dizeli ilipopanda, chapa ziligoma na mji ukaamka bila magari. Baada ya uchaguzi wa tarehe 11 Oktoba 2023, Rasaque Manhique wa FRELIMO alitangazwa kushinda umeya. Mpinzani wake kwa tiketi ya RENAMO, Venâncio Mondlane, aliyakataa matokeo na kuandamana kwa wiki kadhaa. Mwaka mmoja baadaye Mondlane huyo huyo aligombea urais, akakataa matokeo tena, na safari hii vizuizi vikafunga barabara za Maputo hadi Ressano Garcia, mpakani na Afrika Kusini. Vijana waliochoma matairi walikuwa kwenye makutano yale yale ya 2008.

Huko kaskazini, kwenye pwani ya Wamwani, hesabu ya nauli ilikwenda kivingine. Mocímboa da Praia ilikuwa miongoni mwa manispaa 33 za mwanzo, nayo ilionja ghasia zake mwaka 2005, pale uchaguzi mdogo wa meya ulipoishia kwa mapigano kati ya wafuasi wa RENAMO na FRELIMO na watu kuuawa. Lakini barabara iliyofungwa Mocímboa haisimamishi wizara yoyote. Dizeli ya chapa ya kwenda Palma hupanda kwa uamuzi wa Maputo kama inavyopanda kwa wengine, na ruzuku ilipatikana kwa mawe ya mji mkuu.

Tarehe 12 Mei 2010 Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walizindua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, juu ya Ruvuma, kati ya Mtambaswala na Negomano. Lipo mbali bara. Wa pwani waliendelea kuvuka kwa mitumbwi na pantoni karibu na mdomo wa mto. Mwaka huo huo gesi iligunduliwa chini ya bahari mbele ya Palma, na kwa muda ilionekana barabara na mabasi vitafuata.

Kilichofuata ni vita. Tangu waasi wa itikadi kali walipoishambulia Mocímboa tarehe 5 Oktoba 2017, barabara ya N380, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa pwani hii, iligeuka mahali pa kuviziana. Chapa zilichomwa, abiria wakauawa. Mocímboa ilianguka mikononi mwa waasi Agosti 2020, na mashua ikawa tena gari la umma kama ilivyokuwa enzi za mababu. Katika wiki chache za Oktoba na Novemba mwaka huo, zaidi ya watu 10,000 walishuka kwenye ufuko wa Paquitequete huko Pemba ya Msumbiji, wakitoka kwenye majahazi na mashua za uvuvi zilizojaa hadi maji kufikia ukingo. Mojawapo ilizama jirani na kisiwa cha Ibo na makumi ya waliokuwemo wakafa. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, meli ya Sea Star iliwaondoa watu wapatao 1,300 na kuwafikisha Pemba. Waliokimbilia kaskazini, ng'ambo ya Ruvuma, wengi wao walirudishwa kupitia Negomano, kwenye daraja lile la umoja.

Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliirudisha Mocímboa tarehe 8 Agosti 2021. Familia zilianza kurejea, kwa malori, kwa mashua, kisha kwa chapa. Lakini usalama wa N380 umekuwa wa kwenda na kurudi, na zaidi ya mara moja magari kati ya Macomia na Awasse yamelazimika kusafiri kwa msafara, askari wakiwa mbele na nyuma. Asubuhi ya msafara chapa hujipanga kandokando ya barabara, mizigo juu, baiskeli zimefungwa kwa kamba, watoto wamelala mapajani. Aliyechelewa hungoja msafara unaofuata.