Mapokeo ya Nani? Mabishano ya Wakatoliki Juu ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano

Tarehe 30 Oktoba 1962, siku moja baada ya kutimiza miaka 72, Kardinali Alfredo Ottaviani alisimama mbele ya maaskofu zaidi ya elfu mbili katika Basilika la Mtakatifu Petro kuzungumzia rasimu ya hati ya liturujia. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alisema bila karatasi. Alionya kwamba kuigusa Misa ni kuwatikisa waamini. Kila msemaji alipewa dakika kumi. Alipozipita, Kardinali Bernard Alfrink wa Utrecht, aliyeongoza kikao siku hiyo, alimkumbusha; mzee akaendelea; kipaza sauti kikazimwa. Ottaviani alisema kwa muda kabla ya kutambua kwamba hasikiki, na humo basilikani maaskofu wakapiga makofi. Kisa hiki husimuliwa kama pambano la mapokeo na mageuzi, mlinzi wa mambo ya kale akishindwa na watu wa wakati mpya. Naona usimulizi huo unapotosha. Wakatoliki waliogombana juu ya Mtaguso, tangu siku ile hadi leo, wote wamedai kusimama upande wa Mapokeo. Walichogombania ni zamani ipi iwe na neno la mwisho, na nani mwenye mamlaka ya kuisemea. Asiyeliona hilo ataisoma historia ya miaka sitini hii kama orodha ya wakaidi na wasaliti.

Tuanze na Misa, maana ndiyo iliyobeba ugomvi huu machoni pa watu. Misa inayoitwa ya kale ilipewa sura yake rasmi na Papa Pio V kwa hati Quo primum ya tarehe 14 Julai 1570. Wanaoitetea husema, na ni kweli, kwamba Pio V hakuitunga: Kanuni ya Kirumi, sala kuu ya Misa hiyo, ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu alipoipokea. Hata hivyo alichokifanya kilikuwa mageuzi makubwa. Kabla yake majimbo na mashirika yalitumia misale zao mbalimbali; yeye akaagiza moja kwa Kanisa lote la Kilatini, akaziacha zile tu zilizokwisha kutumika kwa miaka 200 au zaidi. Ndiyo maana Milano ilibaki na liturujia ya Mtakatifu Ambrosi, na Wadominiko wakabaki na yao. Kilatini chenyewe kiliwahi kuwa kigeni altareni: Wakristo wa kwanza wa Roma walisali kwa Kigiriki, na Kilatini kilishika nafasi hiyo kufikia mwisho wa karne ya 4, watu walipokuwa hawakijui tena Kigiriki.

Misale ya Pio V nayo haikukaa bila kuguswa. Klementi VIII aliisahihisha mwaka 1604 na Urbano VIII mwaka 1634. Pio XII alilirudisha Kesha la Pasaka usiku mwaka 1951, baada ya kuadhimishwa Jumamosi asubuhi kwa karne kadhaa, na mwaka 1955 akalipanga upya Juma Kuu zima. Novemba 1962, Mtaguso ukiwa umeshaanza, Yohane XXIII aliliingiza jina la Mtakatifu Yosefu ndani ya Kanuni, sala ambayo wengi waliamini haiguswi. Kwa hiyo misale ya 1962, ambayo leo wengine huishika kama alama ya yasiyobadilika, ilibeba Juma Kuu lililokuwa na umri wa miaka saba. Waliotaka mageuzi nao walitazama nyuma, ila walitazama mbali zaidi, kwenye karne za Mababa wa Kanisa. Sala ya waamini, Komunyo katika maumbo mawili, mapadre wengi kuadhimisha pamoja: haya yote waliyaomba kwa hoja kwamba Kanisa lilikuwa nayo likayapoteza. Yves Congar na Henri de Lubac, wanateolojia waliowahi kunyamazishwa na wakuu wao katika miaka ya 1950, walifika kwenye Mtaguso wakiwa wasomi zaidi wa mambo ya kale kuliko wengi wa waliowashuku.

Hapa mpinzani makini atasema: Pio V alikusanya, Paulo VI alitunga. Hoja hiyo ina uzito na haifai kuikwepa. Kamati iliyoandaa misale mpya ya Papa Paulo VI, katibu wake akiwa Annibale Bugnini, iliongeza Sala tatu mpya za Ekaristi mwaka 1968, ikapanga masomo ya Jumapili kwa mzunguko wa miaka mitatu, na utaratibu mpya wa Misa ukaanza kutumika Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba 1969. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu Hati ya Liturujia Takatifu ipitishwe, na katika historia ya Misa ya Kirumi hakuna mabadiliko mengine ya haraka na mapana kiasi hicho. Hati yenyewe ilikuwa imeweka masharti. Ibara ya 23 inataka jambo jipya lisiingizwe isipokuwa manufaa ya kweli na ya hakika ya Kanisa yanalidai, na kwamba maumbo mapya yakue kutoka katika yale yaliyopo. Ibara ya 36 inaagiza Kilatini kihifadhiwe, huku ikiruhusu lugha za watu zipewe nafasi kubwa zaidi. Ibara ya 116 inaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza. Juu ya padre kuwaelekea waamini, hati haisemi neno.

Lakini tuulize mabadiliko yaliingiaje. Maagizo ya Septemba 1964 yaliruhusu altare itengwe na ukuta ili padre aweze kuadhimisha akiwaelekea watu. Maagizo ya Mei 1967 yaliruhusu hata Kanuni isomwe kwa lugha ya wenyeji. Ruhusa hizo ziliombwa na mabaraza ya maaskofu, yaani watu wale wale waliokuwa wameipigia hati kura 2,147 za ndiyo dhidi ya 4 za hapana, tarehe 4 Desemba 1963, miaka 400 kamili tangu Mtaguso wa Trento ufungwe. Dai kwamba wachache waliuteka Mtaguso na kuupeleka kusikotakiwa halikubaliani na ushahidi huo. Unaweza kusema maaskofu walikosea, au walikwenda mbio mno. Binafsi naamini walikwenda mbio mno, na wimbo wa Kigregori ulipotea katika parokia nyingi bila yeyote kuamua upotee. Ila huwezi kusema hawakuwa wao.

Sasa tuje kwa mpinzani wa Mtaguso, Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, ambaye Waafrika wana sababu ya kumfahamu. Alikuwa Mmisionari wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alifanya kazi Gabon, akawa mjumbe wa Papa kwa Afrika ya Wafaransa tangu 1948 na Askofu Mkuu wa Dakar tangu 1955, na mwaka 1962 akachaguliwa mkuu wa shirika lake zima. Aliikubali Hati ya Liturujia. Kilichomtenganisha na Roma kwa kina kilikuwa tamko juu ya uhuru wa dini, lililopitishwa tarehe 7 Desemba 1965 kwa kura 2,308 dhidi ya 70. Katika hilo hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1864 Pio IX alilaani wazo kwamba uhuru wa dhamiri na ibada ni haki ya kila mtu inayopaswa kutangazwa kisheria. Karne moja baadaye Mtaguso ulifundisha kwamba mtu ana haki ya kutoshurutishwa katika mambo ya dini. Anayesema hakuna kilichobadilika hapo anawakosea heshima wasomaji wake.

Je, kama hilo limebadilika, kila kitu kinaweza kubadilika? Hofu hiyo ndiyo iliyomsukuma Lefebvre, na inastahili jibu. Pio IX alikuwa akijibu dola za karne ya 19 zilizotaka kuliondoa Kanisa katika shule na sheria. Mtaguso ulikuwa ukizungumzia kinga ya mtu dhidi ya dola, baada ya maaskofu wa Poland na Chekoslovakia kuishi chini ya serikali zilizofunga mapadre. Fundisho kwamba imani haiwezi kulazimishwa ni la kale kuliko hati zote mbili. Papa Benedikto XVI alilieleza vizuri suala hili la mabadiliko katika hotuba yake kwa Kuria ya Roma tarehe 22 Desemba 2005: alikataa kuusoma Mtaguso kama mpasuko, lakini alikiri kwamba mageuzi ya kweli yana mwendelezo na mkatizo kwa pamoja, katika ngazi tofauti. Wengi walionukuu hotuba hiyo walishika nusu ya kwanza wakaiacha ya pili.

Upande wa pili nao ulikuwa na nusu yake. Wapo waliosema maandishi ya Mtaguso ni maafikiano tu, na kwamba cha kufuatwa ni roho yake. Naielewa hoja hiyo, maana hati kadhaa kweli ziliandikwa ili kambi mbili ziweze kuzitia sahihi. Tatizo ni kwamba roho isiyofungwa na maandishi humpa kila msomaji Mtaguso wake. Ibara ya 22 ya Hati ya Liturujia inakataza mtu yeyote, hata akiwa padre, kuongeza, kuondoa au kubadili kitu katika liturujia kwa mamlaka yake mwenyewe. Padre aliyejitungia sala za Misa katika miaka ya 1970 aliivunja ibara hiyo waziwazi, na kwa kufanya hivyo aliwapa wafuasi wa Lefebvre ushahidi bora kuliko wowote waliouandika wao. Wanateolojia wa mageuzi wenyewe waligawanyika mapema: jarida la Concilium lilianza mwaka 1965, na kufikia 1972 de Lubac na Joseph Ratzinger walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Communio, jarida la wale walioona wenzao wamevuka mpaka.

Mwaka 1988 unaonyesha yote haya kwa ukaribu. Tarehe 30 Aprili Roma iliidhinisha misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, tunda la kazi iliyosukumwa kwa miaka mingi na Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa. Ndani yake watakatifu na mababu wenye mioyo miadilifu wanaitwa mwanzoni mwa Misa, na toba pamoja na amani vinafuata baada ya mahubiri. Miezi miwili baadaye, tarehe 30 Juni, Lefebvre aliwaweka wakfu maaskofu wanne huko Écône, Uswisi, bila idhini ya Papa, naye Yohane Paulo II akatangaza kwamba wametengwa na Kanisa. Kwa macho ya harakaharaka, Kinshasa ndiyo iliyovumbua na Écône ndiyo iliyohifadhi. Mimi naona kinyume. Kinshasa iliomba, ikasubiri, ikapewa, kama Milano na Wadominiko walivyoachiwa chao na Pio V. Écône ilitetea sala za kale kwa tendo ambalo Mapokeo yenyewe hayalijui: askofu Mkatoliki kumpinga Papa waziwazi kwa kuweka maaskofu, kisha kudai kwamba ndivyo anavyolinda utii.

Mamlaka haikumaliza ugomvi, kwa kuwa mamlaka yenyewe imenena kwa sauti mbili. Julai 2007 Benedikto XVI aliitaja misale ya 1962 kuwa namna isiyo ya kawaida ya liturujia ile ile ya Kirumi, akawaruhusu mapadre waitumie. Julai 2021 Fransisko alitamka kwamba vitabu vilivyotangazwa na Paulo VI na Yohane Paulo II ndivyo peke yake vinavyoeleza sala ya Kanisa la Kirumi, akairudisha ruhusa mikononi mwa maaskofu na Roma. Mtangulizi wake alikuwa hai bado. Fransisko aliona jambo la kweli: wapo wanaoitumia Misa ya kale kuukana Mtaguso. Lakini adhabu iliwaangukia pia waliokuwa wakiikubali Misa hiyo na Mtaguso kwa pamoja, na hilo naliona si haki. Anayetaka kumshitaki mwenzake kwa uasi, wa kushoto au wa kulia, aichukue kwanza Hati ya Liturujia Takatifu. Ina ibara 130, inasomeka kwa jioni moja. Aisome yote, pamoja na zile ibara asizozipenda.