Nani Aliyesema Katavi ni Pori Tupu?

Sensa ya 2012 iliikuta Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka huohuo, ikiwa na watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine nchini ulioongezeka kwa kasi hiyo. Wafugaji na wakulima wa Kisukuma wamekuwa wakiteremka huku na ng'ombe wao kwa miongo kadhaa, na ukiuliza kwa nini Katavi, jibu la kwanza ni kwamba ardhi ipo, pori ni tupu. Jibu hilo si geni. Wanajiografia walilitoa mapema, kila kundi kwa sababu zake, na kulifuatilia ni njia nzuri ya kuona jinsi elimu ya jiografia ya binadamu ilivyosafiri duniani na nini ilibeba mkobani.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold II aliwaita wanajiografia na wasafiri wa Ulaya mkutanoni Brussels. Hapo ilizaliwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na miaka mitatu baadaye Kapteni Cambier akasimamisha kituo chake Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, leo ndani ya Wilaya ya Tanganyika. Kwa maneno mengine, neno "kimataifa" liliingia katika jiografia ya Katavi likiwa na ukuta wa ngome. Wajerumani nao, Böhm, Reichard na Kaiser, walizizunguka nchi hizi wakipima mito na vilima. Mwaka 1885 Karema ikakabidhiwa mapadri Wamisionari wa Afrika, na Leopold akageukia Kongo, ambako matokeo yanajulikana. Kwenye ramani za mapokeo haya mtu ni jina la mtemi kando ya mstari wa njia. Panapokosekana njia ya msafiri, karatasi hubaki nyeupe.

Mapokeo ya pili hayakuwa na ramani kabisa. Carl Velten alichapa Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na ndani yake yumo Selemani bin Mwenye Chande akisimulia safari yake ya bara. Hapimi kimo cha mlima. Anachotaka kujua ni nani mwenye nchi, hongo ni kiasi gani, posho itapatikana wapi, na watu wa mahali wana mila gani. Hakuna chuo kilichomwita mwanajiografia, ilhali maswali yake yako karibu zaidi na yanayoulizwa leo katika fani hii kuliko vipimo vya Kaiser: mamlaka, soko, chakula, mpaka. Nchi isiyo na mwenyewe haimo katika hesabu yake, kwa sababu kila hatua ilidaiwa. Nisimpambe kupita kiasi. Njia za misafara zilibeba pembe na watumwa, na msafara huuona mji kwa jicho la mnunuzi.

Kisha akaja Clement Gillman, na hapa ndipo penye uzito. Alikuwa mhandisi wa reli aliyefika zama za Wajerumani akabaki kuwatumikia Waingereza, na mwaka 1936 alichapa ramani ya watu wa Tanganyika katika jarida la Geographical Review la New York. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Vitone vya watu vinajazana penye mvua za kutosha na maji ya kudumu, magharibi panabaki patupu, na maelezo yake ni ya msingi: watu hukaa palipo na maji, hukimbia palipo na ndorobo. Anayeijua miombo kati ya Kaliua na Mpanda atamkubalia.

Ila ramani huonyesha siku moja. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, Mnorwe aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliigeuza hoja hiyo miguu juu. Kwa mujibu wake ndorobo hakuwatangulia watu. Watu, kwa kulima, kuchoma majani na kufuga, walikuwa wamemfungia ndorobo porini, hadi sotoka ya miaka ya 1890, ndui, vita na njaa vilipovunja mpango huo. Kichaka kikarudi, na ndorobo naye. Serikali ya kikoloni ikamalizia: kwa hofu ya malale iliwakusanya watu wa magharibi katika makazi ya pamoja, Wakonongo wakiwamo, na mashamba yao ya zamani yakawa msitu. Gillman, basi, alichora jeraha akalidhani maumbile.

Mfini Juhani Koponen baadaye aliona kwamba Kjekshus amezipaka rangi nzuri mno zama za kabla ya ukoloni, nami nakubaliana naye. Njaa na vita havikungoja Wazungu. Lakini katika suala la Katavi namwona Kjekshus amegusa penyewe. Ni rahisi pia kuona kwa nini hoja hiyo ilitoka Dar es Salaam ya wakati ule, chuo alikofundisha Walter Rodney, na alikopita Mbrazili Milton Santos akiwa uhamishoni, kabla hajawa miongoni mwa majina makubwa ya jiografia duniani. Jiografia ilikuwa na makao mapya, na makao hayo yaliuliza kwa nini pamekuwa tupu.

Serikali huru, hata hivyo, iliitumia ramani ya zamani. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Katumba, kisha Mishamo, kwa kuwa ardhi ilikuwepo. Watafiti wakawafuata. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia, alisikiliza Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980 akakuta tofauti: makazini watu walijisimulia kama taifa lililo uhamishoni, mjini walivaa utambulisho wowote uliowafaa. Patricia Daley, mwanajiografia wa Oxford, aliangalia kazi na jinsia, nani analima na kwa faida ya nani. Kwa Malkki mahali hutengeneza kumbukumbu. Kwa Daley hupanga jasho. Mwaka 2010 serikali iliridhia uraia wa Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi haya na Ulyankulu, na wale waliowekwa mahali patupu wakawa wenyeji wapya.

Mabishano haya hayakubaki vitabuni. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaihesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, ya mwaka huohuo, haisemi hivyo. Kwa Mkonongo wa Inyonga hili si suala la wanasheria tu. Anatundika mizinga yake katika msitu wa kijiji, anaondoka, na anarudi msimu wa asali. Picha ya setilaiti haitamwonyesha: hakuna shamba, hakuna bati, hakuna njia. Akija mtu anayetafuta malisho, au mwekezaji mwenye barua, Gillman atasema papo wazi. Ili isemwe vinginevyo, mizinga hiyo lazima iwe imeandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano wa kijiji, na mpango huo unahitaji mpima, fedha na siku kadhaa za kutembea msituni pamoja na wenye mizinga.