Kingereza Kilipita Wapi Mpaka Kufika Bukavu?

Siku hizi hapa Bukavu kijana anayetafuta kazi anaulizwa: "Unajua Kingereza?" Baba zetu waliulizwa kama wanajua Kifaransa. Ni vizuri tujue lugha hii ilipita njia gani mpaka ikafika kwetu.

Kiswahili ndicho kilitangulia. Katika karne ya 19 kilitoka pwani pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kikaenea Maniema na kando ya ziwa Tanganyika. Baadaye Wabelgiji wakakitumia kwa wafanyakazi. Masomo ya juu na kazi za biro wakaziweka katika Kifaransa, na mji wetu wakauita Costermansville, jina lililodumu mpaka miaka ya 1950. Kimashi kikabaki nyumbani, shambani na sokoni.

Kingereza hakikuja na mkoloni wetu. Kwa muda mrefu kilikuwa somo la shule tu: mutu anajifunza, anapata pointi, anasahau. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Ruzizi, mashirika ya misaada yalifika pia, na Kingereza kikaanza kusikika katika maofisi. Kutoka 1999 ikaja MONUC. Askari wa Pakistan waliotumwa Kivu ya Kusini walisema Kingereza chenye sauti ya kwao. Mwaka 2008 majirani wa ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, wakaamua masomo yafanyike kwa Kingereza. Wafanyabiashara wetu waliofika Kampala wakasikia kingine tena, cha Waganda.

Kwa hiyo wengi wetu hatukupokea Kingereza mkononi mwa Mwingereza. Tulikipokea kwa watu waliokwisha kukifanya chao. Ndivyo ilivyokuwa India na Nigeria: lugha ilifika na biashara au na bunduki, wenyeji wakaitia sauti na maneno yao.

Siye wenyewe tulifanya hivyo na Kiswahili. Tunasema batu, batoto, bintu, na mutu wa Dar es Salaam anacheka. Hajui kwamba hiyo ba- na bi- inafanana na ya lugha zetu za hapa. Kwa Kimashi tunasema abantu, ebintu. Kimashi kimeingia ndani ya Kiswahili chetu, kama vile Kipunjabi kilivyoingia ndani ya Kingereza cha Pakistan.

Lakini je, Kimashi kikipotea, Kiswahili chetu kitapata wapi chumvi yake? Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Kimashi, Kihavu, Kirega na Kifuliru zinahesabiwa tu kati ya lugha ambazo serikali inapaswa kuzilinda. Mjini, mara nyingi bibi anasema Kimashi, mjukuu anajibu kwa Kiswahili. Hapo hakuna askari aliyemkataza mutoto. Ni siye wazazi tuliofikiri lugha ya nyumbani haina kazi.

Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na batoto wetu watahitaji Kingereza. Wajifunze kwa bidii, na wasione haya kukisema kwa sauti ya Bukavu. Ila jioni, chakula kikiwa mezani, tuseme nao Kimashi. Wahenga walisema: mwacha mila ni mtumwa.