Kyungu wa Kumwanza: barua ya 1980, treni ya 1992

Desemba 1957, Kamalondo ikiwa bado inaitwa Komini Albert, wanaume wake walipiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwao. Ilikuwa kura ya madiwani tu, na Wabelgiji ndio walioipanga, lakini matokeo yake yaliiwasha Katanga nzima. Katika komini za Waafrika za Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wengi wa waliopata kuwa mameya walikuwa watu wenye asili ya Kasai na Kivu. Haukupita mwaka, Oktoba 1958, chama cha CONAKAT kikaundwa kuwatetea wale waliojiita Wakatanga halisi. Swali lilishatoka mdomoni: nani mwenye nchi, nani wa kuja?

Kamalondo ilikuwa mahali pagumu kuliko pote kulijibu swali hilo. Ni sité kongwe ya mji huo, ndogo kwa eneo, iliyotengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mtupu uliokatazwa kujengwa. Kampuni ya migodi ya Union Minière na shirika la reli walileta vibarua kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili kimoja. Kwenye parseli moja ungekuta Muluba wa Kasai, Mubemba na Musanga wanachota maji bomba moja na kusonga bukari kwa unga wa duka moja. Siwezi kuandika habari za mwanasiasa yeyote wa Lubumbashi bila kuanzia kwenye parseli hiyo.

Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Muluba wa Katanga aliyezaliwa 1938, aliingia bungeni Kinshasa katika zama za chama kimoja. Wabunge wa wakati ule waliitwa makomisa wa watu, na kazi waliyotarajiwa kuifanya ilikuwa kumpigia makofi Rais Mobutu. Tarehe 1 Novemba 1980, Kyungu na wenzake 12 walimwandikia Mobutu barua ya kurasa 52. Walimwambia kwamba miaka 15 ya utawala wake imeiangusha nchi, na wakadai demokrasia ya kweli.

Tuikadirie barua hiyo kwa hatari yake. Hapakuwa na gazeti huru la kuichapisha wala mahakama ya kuwakinga walioitia saini. Walikamatwa, wakavuliwa ubunge, wakatawanywa uhamishoni vijijini. Februari 1982 kundi hilo likazaa chama cha UDPS. Na katika majina 13 yaliyo chini ya barua, jina la Kyungu limo pamoja na la Étienne Tshisekedi wa Mulumba, Muluba wa Kasai. Mkatanga na Mkasai walikubali kuteseka kwa neno moja.

Miaka kumi baadaye njia zao zilikuwa zimeachana. Mobutu aliporuhusu vyama vingi mwaka 1990, Kyungu alijiunga na Nguza Karl-i-Bond katika chama cha UFERI, na Nguza alipokuwa waziri mkuu mwishoni mwa 1991, Kyungu akawa gavana wa Shaba, jina ambalo Mobutu aliipa Katanga. Mikutano yake ilijaa. Vijana wa chama, JUFERI, wakawa jeshi la mitaani. Kwenye majukwaa hayo Wakasai waliitwa *bilulu*, yaani wadudu. Kila anayesema Kiswahili cha Lubumbashi anajua neno hilo linatumika wapi: ni kile unachokiua kwa kandambili bila kufikiri.

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza, na ghasia zikalipuka, Lubumbashi, Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993. Watu walifukuzwa kazini na majumbani. Wakakaa kwenye stesheni za treni kwa majuma na miezi, magodoro na masufuria yamepangwa kando ya reli, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Watoto walikufa kwa magonjwa wakiwa wanasubiri, wengine wakafa njiani. Waliohamishwa walikuwa mamia ya maelfu.

Mobutu aliachia moto huo uwake kwa sababu uliwagawa wapinzani wake, na hilo lisisahauliwe. Lakini gavana alikuwa Kyungu. Wapo wanaomwita Baba wa Katanga hadi leo, na wanataja kwamba Desemba 1993 ndiye aliyelirudisha jina la Katanga. Nawaelewa, maana jina lililonyang'anywa lina uchungu wake. Lakini baba wa nyumba hawatupi wapangaji nje kwa mawe. Mtu aliyetia saini barua ya 1980 alijua kabisa uzito wa neno la mwanasiasa, na kwa sababu hiyo nayapima maneno yake ya 1992 kwa mizani kali zaidi.

Alirudi kwenye utunzi wa sheria uzeeni, akiwa na chama chake cha UNAFEC. Kuanzia 2007 aliongoza Bunge la Mkoa wa Katanga, lililokuwa likikaa katika jengo la mwaka 1956 lililojengwa liwe ukumbi wa maigizo wa mji. Miezi michache ya mwisho ya Katanga moja, kabla haijakatwa mikoa minne mwaka 2015, ilimkuta bado kitini. Septemba ya mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa viongozi wa vyama saba, kundi la G7, waliomwandikia Rais Joseph Kabila aheshimu kikomo cha mihula miwili. Wakafukuzwa kwenye muungano wa serikali. Barua tena, miaka 35 baada ya ile ya kwanza.

Juni 2019, Rais Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC, shirika la reli la taifa. Uteuzi huo ulimkuta Kyungu akiwa na miaka 80, na tarehe 21 Agosti 2021 akafariki Luanda, Angola. Reli aliyokabidhiwa ni ileile inayotoka Lubumbashi, ikipita Likasi na Kamina, hadi Mwene-Ditu, mahali ambapo mwaka 1992 na 1993 familia zilishuka na magodoro yao zikaanza kuuliza njia.